Mgonjwa wa kifua hatembei: kwa anayeanza kazi kwenye gari la wagonjwa

Mgonjwa wangu wa kwanza wa mshtuko wa moyo alitufungulia mlango mwenyewe. Mtu mzima, shati safi, anaomba radhi kwa kutusumbua. "Ni gesi tu," alisema, huku akijifuta jasho kwa kiganja. Tukamwamini. Tukamwacha ashuke ngazi kwa miguu yake, na kwenye ngazi ya mwisho moyo wake ukasimama. Tulimrudisha, lakini mashine ya kushtua moyo tulikuwa tumeiacha garini, na zile dakika za kuifuata ninazihesabu hadi leo.

Basi sikiliza: mgonjwa wa kifua hatembei. Hata akikataa, hata akicheka. Mshipa unaolisha msuli wa moyo wake umezibwa na damu iliyoganda, na msuli unakufa polepole kwa kukosa oksijeni. Kila hatua anayopiga inauongezea kazi moyo ulio na njaa. Mkalishe aegemee, magoti yakunjwe kidogo, kiti au machela ndiyo imfuate alipo. Na mashine ipande na wewe, siku zote. Ni nzito, najua. Frank Pantridge, daktari wa Belfast aliyeanzisha gari la kuwafuata wagonjwa wa moyo walipo mwaka 1966, alianza na mashine ya kilo 70 hivi iliyotumia betri za gari. Yako usiilalamikie.

Usingoje maumivu yale ya vitabuni. Wengi hawasemi "naumwa". Watasema kunabana, kuna uzito, au watakunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua bila neno. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiwe na maumivu ya kifua kabisa: pumzi inakatika, kichefuchefu, uchovu wa ghafla, taya linauma. Wengine wataonyesha chembe cha moyo. Wazee wetu waliipa sehemu hiyo ya tumbo jina la moyo, na mimi huchukulia hilo kama onyo: anayeonyesha hapo na anatoka jasho la baridi, mpime moyo kabla hujafikiria vidonda vya tumbo.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachochorwa kwenye karatasi, ichukuliwe ndani ya dakika 10 tangu umfikie. Ya kwanza ikiwa safi na mgonjwa bado ana hali ileile, rudia. Karatasi safi haimaanishi moyo mzima.

Aspirini miligramu 300, aitafune. Kuitafuna kunaiharakisha kuingia kwenye damu, nayo huzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisizidi kushikana pale penye donge. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba kidonge hiki cha bei ndogo kilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Uliza kwanza kama kinamdhuru au kama anatokwa damu mahali. Na akisema maumivu yamempasua ghafla hadi mgongoni, pima presha mikono yote miwili. Ikitofautiana sana, huenda ni mshipa mkuu unaochanika, usimpe, ongea na daktari.

Oksijeni ndiyo inayonisumbua hadi leo. Sisi tulifundishwa kumvalisha kila mtu barakoa. Mwaka 2017 Waswidi walitoa matokeo ya wagonjwa 6,629 ambao oksijeni yao ya damu haikuwa imeshuka: waliopewa na wasiopewa, vifo vya mwaka mzima havikutofautiana. Siku hizi tunampa aliye chini ya asilimia 90. Ndugu watakutazama kana kwamba unamnyima. Waeleze, usiwape kwa ajili ya kuwafurahisha.

Nitroglisirini, dawa ya kutanua mishipa, ina mitego miwili. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, iache. Na kama ECG inaonyesha kuumia upande wa chini wa moyo, hamishia elektrodi moja kifuani kulia kwanza, maana chumba cha kulia kikiwa kimehusika presha inaweza kuporomoka mbele yako. Mtego wa pili ni dawa za nguvu za kiume: sildenafili ndani ya saa 24, tadalafili ndani ya saa 48. Usiulize mbele ya mkewe na wanawe. Atakukatalia, na utamdhuru kwa sababu ya aibu.

Moyo ukisimama, kandamiza kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kutweta kwa mbali kusikudanganye kwamba anapumua.

Kabla ya kuondoka, piga simu hospitali. Kama ile inayozibua mishipa haifikiki ndani ya dakika 120, dawa ya kuyeyusha donge ndiyo tegemeo, na hapo swali kubwa litakuwa maumivu yalianza lini, kwa kuwa faida yake hupungua kila saa na baada ya saa 12 kwa kawaida haitolewi. "Tangu asubuhi" si jibu. Muulize alikuwa anafanya nini yalipoanza. Akikujibu saa mbili asubuhi, fomu iandikwe 08:00. Niliwahi kupokea karatasi ya mwenzetu mgeni iliyoandikwa 02:00. Ilikuwa saa tisa mchana: mgonjwa wa saa saba alikuwa amegeuzwa wa saa kumi na tatu.