Kata asilimia 20 kabla pesa ya nyumba haijafika mkononi mwa mwenye lupango

Mdogo wangu, usilipe Jumamosi. Hizo dola 3,600 zikishafika zote mkononi mwa mwenye lupango, yaani mwenye nyumba, 720 kati yake utazilipa mara ya pili, na mara hiyo zitatoka kwenye mtaji wako.

Umeandika kwamba umepata duka la kufanyia fotokopi Kamalondo, hapa Lubumbashi, dola 300 kwa mwezi, mwenyewe anataka mwaka mzima mbele, na komisionere (dalali wa nyumba) amekuambia kodi ya mkoa kwenye pango haikuhusu kwa kuwa nyumba si yako. Kisha ukauliza habari za SNEL (umeme), REGIDESO (maji), patenti (kibali cha biashara ndogo), pesa ya usafi na kodi ya lupango, ile ya ardhi na jengo. Nilipofika kwenye maneno ya huyo komisionere damu ilinichemka. Ndiyo maneno niliyoambiwa mimi miaka sita iliyopita, nikifungua atelie yangu ya kushona huku Katuba.

Pango langu lilikuwa dola 250. Mwenye lupango alikuwa mzee wa heshima, alitukaribisha sebuleni, mke wake akatuletea maji. Komisionere akakaa katikati yetu. Nikauliza, kwa sababu nilikuwa nimesikiasikia: je, hapa hakuna kodi ya mkoa? Komisionere akacheka. "Mama, kodi ni ya mwenye nyumba. Wewe ni lokatere, mpangaji tu." Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikahesabu noti mezani, dola 3,000. Mzee akachana ukurasa wa daftari la mjukuu wake, akaandika kwa bluu: "Nimepokea pesa ya nyumba ya mwaka mmoja, dola elfu tatu." Akasaini. Komisionere akachukua chake, akaenda.

Ukurasa huo bado ninao. Ndio ulionihukumu.

Mwezi wa nane wakaja watu wawili wa kodi ya mkoa, kijana mmoja na mama mmoja mpole. Wakaomba mkataba, kisha uthibitisho wa "retenue locative". Sikujua ni nini. Nikatoa karatasi ya mzee nikidhani inatosha. Yule mama akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akairudia mbele. "Ulimlipa zote?" Zote, nikasema. "Basi sehemu ya mkoa ulimpa yeye, na mkoa unakudai wewe."

Sasa elewa jambo hili, kwa sababu ndipo tunapopotezwa. Kodi ya mapato ya upangaji, ile wanayoiita IRL, inatoka kwenye sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Humo ni asilimia 22 ya pango. Lakini haikusanywi yote kwa mwenye nyumba. Mfanyabiashara aliyepanga anakata asilimia 20 kwenye pango kabla ya kulipa, ndiyo hiyo "retenue locative", anaitangaza na kuipeleka ndani ya siku 10 zinazofuata mwezi aliolipa. Mwenye nyumba anabaki na asilimia 2 ya kulipa, anayoimaliza anapotoa tangazo lake la mwaka, mwisho tarehe 1 Februari. Kwa hiyo komisionere hakudanganya aliposema kodi ni ya mwenye nyumba. Mapato ni yake, kodi ni yake. Alichonyamaza ni kwamba mkono wa kuipeleka ni wako, na usipoipeleka unadaiwa wewe, uwe umeikata au hukuikata.

Mimi nilidaiwa dola 600, na juu yake faini ya kuchelewa. Agosti! Anayeshona anajua Agosti ni nini Lubumbashi. Wazazi wanaleta vitambaa vya sare, shule zinafungua Septemba, ndio mwezi unaokulisha hadi Noeli. Niliuza mashine ya kudarizi, ile ya kuandika majina ya shule kifuani, na wateja wa kudarizi wakaenda kwa mwingine. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Nikamrudia mzee. Alinisikiliza vizuri, akanyoosha kidole juu: pesa yangu ilikuwa imeshakuwa mabati. Ningeanzia wapi kumdai, na karatasi yake haisemi neno lolote juu ya kodi? Komisionere simu yake iliita mpaka ikachoka. Watu hawa wanajua kila mlango wa mji huu isipokuwa mlango wa benki ambako kodi inalipwa. Huyo wako akikuambia tena kwamba haikuhusu, mwambie aandike hivyo na asaini. Utaona kama ataandika.

Hesabu yako ni hii. Miezi 12 kwa dola 300 ni 3,600. Asilimia 20 yake ni 720. Mwenye lupango anapokea 2,880, na zile 720 zinakwenda kwenye akaunti ya mkoa. Kabla ya kukata, pitia DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa wetu wa Haut-Katanga (wakubwa bado wanasema DRKAT, jina la zamani kabla Katanga haijagawanywa mara nne mwaka 2015) uwaulize kiwango cha mwaka huu kwa duka kama lako na uandikiwe karatasi ya malipo. Anayekuandikia karatasi siye anayepokea pesa. Pesa unaipeleka benki, benki inakupa bordero, yaani stakabadhi ya malipo, yenye muhuri, na bordero hiyo unaitoa fotokopi tatu siku ile ile: moja dukani, moja nyumbani, moja ya mwenye lupango. Yeye anaihitaji kweli, maana ndiyo inayoonyesha kwamba 20 imeshalipwa na amebakiza 2. Mweleze hivyo taratibu, mbele ya mke wake ikiwezekana. Wazee wengi wanakasirika kwa sababu wanadhani wewe ndiye unayewapunguzia pesa.

Na kuna mtego wa pili, utakutana nao hiyo hiyo Jumamosi. Atasema: "Mimi nataka 300 mkononi, kodi shauri yako." Wengi wanakubali wakidhani ni maneno tu. Si maneno tu. Ili 300 ifike mkononi mwake baada ya kukata 20, pango lenyewe linakuwa dola 375: 75 ya kodi, 300 yake. Kwa mwaka hapo si 3,600 tena, ni 4,500. Amekuongezea dola 900 bila kutaja kupandisha bei. Ukiona duka linastahili 375, sawa, kubali huku macho yako yamefunguka. Mimi nisingekubali kwa chumba cha mlango mmoja. Na usiache mkataba ukae kimya juu ya jambo hilo.

Sasa haya mengine uliyouliza. Kodi ya lupango ni ya mwenyewe, usiiguse. Nayo siku hizi ni ya mkoa, pamoja na IRL na ile ya magari, tangu Katiba ya 2006 na sheria za mikoa zilizofuata 2008. Patenti ya biashara ndogo uliza kwenye komini (ofisi ya manispaa), na ukiwa umejiandikisha kwenye RCCM, daftari la serikali la wafanyabiashara, sema hivyo mapema, kwa kuwa patenti ni ya wasiojiandikisha. Umeme na maji: omba fakture za mwisho za SNEL na REGIDESO uone namba ya mteja na deni lililobaki, kwa maana deni linafuata namba hiyo, halimfuati lokatere aliyehama. Kama lupango lote lina mita moja, kubalianeni sasa mtagawana vipi, mashine zako za fotokopi zitakula kuliko taa ya jirani na maneno yataanza hapo. Pesa ya usafi sijui wanakudai ipi, lakini sheria yangu ni ile ile: hakuna noti inayotoka bila karatasi ya kulipia, na pesa inakwenda benki, haiingii mfukoni mwa mtu aliyesimama mlangoni.

Narudi kwenye mkataba, kwa kuwa hapo ndipo utaokoa hizo 720. Kabla ya kusaini, iandikwe sentensi hii, kwa Kifaransa kama mkataba ni wa Kifaransa:

"Pango ni dola 300 kwa mwezi, kodi ikiwa ndani. Mpangaji atakata retenue locative kwenye kila malipo, ataipeleka kwenye akaunti ya mkoa, na atampa mwenye nyumba nakala ya bordero."

Aisome mwenyewe kwa sauti, asisomewe na komisionere. Na risiti yake isiandikwe "amelipa 3,600". Iandikwe 2,880 alizopokea, na 720 zilizokatwa kwa ajili ya kodi, kila moja kwenye mstari wake.

Rasimu iweke hapa Ijumaa usiku. Mimi yaya yako, dada yako mkubwa, nitaisoma kabla hujaenda.