Gegedu la goti likichanika: goti langu moja lilishonwa, jingine likaachwa

Pole mkuu. Umesema MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) imeonyesha gegedu la goti limechanika, daktari ametaja upasuaji, nawe hujui ukubali au usubiri. Mimi nimepitia magoti yote mawili, na kila moja lilikuwa na jibu lake.

Magegedu ya goti watu huyachanganya. Lipo lile laini linalofunika ncha za mifupa. Halafu zipo meniski, mbili kila goti, umbo la mwezi mchanga, zimekaa kati ya mfupa wa paja na muundi kama kabari za kupokea mshindo. Nadhani yako ni hizi. Ukingo wake wa nje unapata damu, sehemu ya ndani karibu haipati kabisa. Shika hapo, maana penye damu pana matumaini ya kuunga.

La kushoto liliniharibikia uwanjani nikiwa na miaka 31. Mguu umekita chini, nikageuka ghafla kuufuata mpira, nikasikia kitu "tap!" ndani. La ajabu, mechi niliimaliza. Uvimbe ulikuja usiku (ikikatika kano ya mbele, ile inayofunga mfupa wa paja na muundi ndani ya goti, goti huwa linajaa mapema zaidi). Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa mizima, nenda nyumbani. Mizima kweli, ila eksirei haionyeshi meniski. Nikachechemea wiki 5, mpaka siku niliyochuchumaa kufunga kamba za viatu. Kuinuka, goti likagoma. Halinyooki. Maumivu yapo, lakini unahisi kabisa kuna kitu kimeingia kati, kama kokoto kwenye bawaba ya mlango. Kipande kilichochanika kilikuwa kimepinduka na kujipachika katikati ya kiungo. Goti likikwama hivyo wahi kwa daktari wa mifupa, na asikuvute mtu mguu kwa nguvu. Mimi nilimruhusu jamaa mmoja anivute, sitasahau.

Kwa bahati mchaniko ulikuwa ukingoni, wakanishona kwa upasuaji wa matundu madogo, bila kufungua goti lote. Operesheni yenyewe si lolote. Kazi ilikuwa baadaye: magongo wiki 6, kuchuchumaa marufuku miezi 4, na paja kunywea. Nililipima kwa utepe wa fundi cherehani, likawa pungufu ya la kulia kwa sentimita 3! Wanaokatwa kipande cha meniski badala ya kushonwa hutembea mapema zaidi, ndiyo maana wengi wanaipenda njia hiyo. Lakini kabari ikipungua, mzigo unahamia kwenye lile gegedu la mifupa, nalo huchakaa upesi. Kama panashoneka na bado kijana, mimi ningevumilia magongo.

La kulia sasa. Miaka 46, sikuanguka wala kuruka, lilianza tu kuuma nikishuka ngazi. MRI ikasema meniski ya upande wa ndani wa goti imechanika. Nikaenda nimeshajiandaa kwa kisu, daktari ndiye akanizuia. Akasema kwa umri huo meniski huchanika kwa uchakavu, na hukutwa hata kwa watu wasioumwa chochote. Akanitajia utafiti wa Ufini uliochapishwa 2013: wagonjwa 146 wenye mchaniko wa namna hiyo, wengine wakakatwa kipande, wengine wakafanyiwa operesheni ya kuigiza tu, meniski haikukatwa. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ileile.

Nikapewa mazoezi. La kwanza: kaa umenyoosha mguu, weka taulo iliyoviringishwa chini ya goti, ikandamize mpaka msuli wa mbele ya paja ukaze, hesabu hadi 5, achia. Zoezi la kitoto, wiki 2 nzima nikalidharau na kulifanya nikikumbuka. Nilipoanza kulifanya kweli, kisha baiskeli ya mazoezi, mwezi wa 3 wa mazoezi nikashuka ngazi bila kushika ukuta. Sindano ya goti nayo nilichomwa mara moja. Ilituliza kwa muda, haikuunga kitu.

Kwa hiyo kabla hujasaini fomu, muulize daktari mchaniko uko kwenye ukingo wa meniski wenye damu au sehemu yake ya ndani, na amepanga kushona au kukata. Na sisi hujatuambia umri wako, wala kama goti linakwama au linauma tu. Rudi utuambie hayo mawili.