Kwa mnaoanza tasnifu za Vita Baridi: angalieni tarehe kwanza

Nimemaliza kusoma rasimu za sura ya kwanza za mwaka huu, na nyingi zinaanza na dai lile lile: kwamba Marekani ilikuwa na sera moja tu ya kuzuia kuenea kwa ukomunisti, tangu 1947 hadi Muungano wa Kisovieti ulipovunjika. Wanangu, dai hilo limewaponza wengi waliowatangulia, nami sitaki kuwaona mkipoteza miezi mkilitetea.

1. Mtenganisheni George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani aliyeasisi wazo la sera hiyo, na waliomfuata. Telegramu yake ndefu kutoka Moscow ni ya Februari 1946 na makala aliyoitia saini ya X ni ya Julai 1947, ilhali NSC-68, waraka wa Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani, uliandaliwa 1950 chini ya Paul Nitze wa Wizara ya Mambo ya Nje. Kennan alitegemea zaidi siasa na uchumi. Nitze alitaka majeshi na silaha ziongezwe kwa kiasi kikubwa.

2. Msizipe dola za Truman sifa yote ya Ugiriki. Hapa ndipo hata wanafunzi hodari huteleza, na inaniuma kwa sababu wanakuwa wamefanya kazi kubwa. Wanaandika kwamba tarehe 12 Machi 1947 Rais Truman aliliomba Bunge la Marekani dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, kwamba 1949 waasi wa Kikomunisti wa Ugiriki walishindwa, na kwamba kwa hiyo sera ilifaulu. Yaliyotokea katikati wanayaruka. Waasi wale walipitisha silaha na majeruhi wao kwenye mipaka ya Yugoslavia, Albania na Bulgaria. Juni 1948 chama cha Tito, kiongozi wa Yugoslavia, kikafukuzwa katika Cominform, umoja wa vyama vya Kikomunisti ulioongozwa na Moscow, Wakomunisti wa Ugiriki wakaegemea upande wa Stalin, na Julai 1949 Tito akatangaza kuufunga mpaka. Mwezi uliofuata jeshi la serikali, ambalo kwa kweli lilikuwa limeimarishwa kwa silaha na washauri wa Marekani, likawashinda waasi katika milima ya Grammos. Msaada wa Marekani na kufungwa kwa mpaka vinapaswa kupimwa pamoja, na anayeutaja msaada tu anaifuta mifarakano ya Wakomunisti wenyewe, jambo ambalo Washington nayo ilichelewa kulizingatia ilipofika zamu ya China na Vietnam.

3. Katika kila tanbihi andikeni nani alimwandikia nani, na tarehe gani.

4. Mnaoandika kuhusu Zanzibar, anzeni na jalada la Afrika la 1964 hadi 1968 katika nyaraka za mambo ya nje za Marekani, linalopatikana bure mtandaoni. Mtaiona hofu ya Washington baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, kwamba visiwa vingegeuka Kuba ya Afrika, na jinsi jina la Abdulrahman Mohamed Babu, mwanasiasa wa Zanzibar mfuasi wa Umarx, lilivyowakosesha usingizi. Hata hivyo, kutoka hofu hiyo hadi kudai kwamba Muungano wa tarehe 26 Aprili ulipangwa na Wamarekani ni hatua ndefu, na rasimu tatu zimeiruka bila ushahidi. Nyerere alikuwa ametoka kukabili uasi wa wanajeshi wake mwezi ule ule wa Januari, hata akalazimika kuwaita Waingereza, na Karume alikuwa na washindani ndani ya Baraza la Mapinduzi. Sababu zao hizo zinastahili kurasa zake kabla hamjafungua telegramu ya balozi yeyote.