Tres Hombres ya ZZ Top: CD ipi ya kununua?

Mdau, umeuliza kwa nini kwenye CD yako ya Tres Hombres, ya bendi ya rock ya Marekani ZZ Top, ngoma zinalia kama za kompyuta ilhali albamu ni ya 1973. Masikio yako ni mazima. Mwaka 1987 albamu za mwanzo za ZZ Top zilichanganywa upya studioni (remix) ziendane na sauti ya miaka ile, ngoma zikatiwa mwangwi mzito, na CD zikauzwa hivyo kwa miaka. Mie hata ya bure siichukui.

Tafuta toleo la 2006, lililorudisha mchanganyo wa awali. Kama una mashine ya kuchezea santuri, santuri ya kale ndiyo yenyewe; ukifungua kava, ndani kuna picha ya mlo wa Kimeksiko uliojaa jibini, utasikia njaa.

Ukiipata, anza mwanzo kabisa: "Waitin' for the Bus" ikiisha tu, "Jesus Just Left Chicago" imeshaingia, hakuna hata nafasi ya kupumua. Halafu "La Grange". Mpiga ngoma Frank Beard anagonga ukingo wa ngoma, mwimbaji na mpiga gitaa Billy Gibbons ananguruma chini chini, kisha bendi nzima inalipuka. Linganisha hapo hapo na CD yako.