Fundi Anajibu: Gari la umeme na luku ya wapangaji wanne

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Buhongwa, nafundisha Kirumba. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 30. IST yangu imechoka na mafuta yananimaliza. Nimepata Nissan Leaf ya 2012 kwa bei ninayoimudu, ila shemeji yangu ananicheka, eti gari la umeme hapa Mwanza ni pambo. Nimepanga, tuko wanne, luku moja. Ninunue?
Mwalimu, Buhongwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwa hizo kilomita 30 shemeji yako hana hoja. Leaf ya mwaka huo ina betri ya uniti 24, na mpya ilikuwa inakwenda kilomita 110 na ushee kwa chaji moja. Hata ikizeeka, Kirumba utafika na utarudi. Utakula uniti kama 6 kwa siku. Kwa luku ya kawaida, ile ya uniti 28 kwa shilingi 10,000, hiyo ni 2,100 na kidogo. IST ikienda kilomita 12 kwa lita, na lita ikicheza kwenye 3,000, unachoma 7,500. Oili ya injini na plagi utazisahau.

Usinunue mwaka, nunua betri. Washa gari, tazama pembeni ya geji ya chaji: kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Vikiwa chini ya 9, liache hata wakikupunguzia. Betri hizo hazina maji ya kuzipoza, na joto linazizeesha.

Safari ndefu panda basi. Mimi yalinikuta. Nilimsindikiza mteja msibani Magu na gari la namna hiyo, tukitegemea kuchaji palepale. Tunafika, umeme umekatika tangu asubuhi. Tukarudi mwendo wa harusi, kiyoyozi tumezima, na Nyanguge tukaishiwa. Dereva wa Fuso la dagaa akatoa kamba atuvute. Nikamkatalia, maana kuburuza gari hilo huku magurudumu ya mbele yanazunguka chini kunaweza kuua mota. Tukalisukuma hadi kwenye mashine ya kusaga, mwenyewe akatuazima soketi. Saa nne nzima tumekaa kwenye magunia, tumepakaa unga kama wapishi. Soketi ya kawaida inatoa uniti 2 hivi kwa saa, basi.

Sasa hiyo luku yenu, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko gari. Siku za kazi peke yake utakula uniti 130 hivi kwa mwezi. Jirani anayenuna ukipiga pasi, akikuta waya umetoka dirishani kwako hadi kwenye gari, mtaelewana? Zungumza na mwenye nyumba kwanza. Afunge sabmita yako, yaani mita ndogo ya kupima umeme wako peke yako, na fundi avute waya mnene kutoka meini swichi hadi unapoegesha, wenye breka yake na ethi. Ekstensheni ya dukani usiithubutu. Nimeshaona moja imeyeyuka ikagandana na zulia.

Mwenye nyumba akigoma, baki na IST, uniletee Nyakato tuangalie kwa nini inakunywa hivyo. Akikubali, kabla hujalipa hata shilingi, piga picha vile vijistari unionyeshe.