Gia ya stata inayokatika meno kila mara

Ndugu, ikiwa gia ya plastiki ya stata kwenye trekta lako dogo la kukatia nyasi imekatika meno kwa mara ya tatu, usinunue ya nne kabla ya kuseti vali, yaani milango midogo ya injini ya kuingiza na kutoa hewa. Kwenye kamshafti, yaani shafti inayofungua vali, kuna kifaa kidogo kinachoinua vali kidogo wakati wa kuwasha ili kupunguza kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Nafasi ya vali, yaani ule upenyo kati ya vali na mkono unaoisukuma, ikipanuka, kifaa hicho hakifanyi kazi, hivyo pistoni hugoma inapopanda, flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na gia ya stata) hurudi nyuma kwa kishindo, na plastiki ndiyo inayoumia. Toa plagi ya cheche: ikiwa betri ni nzima na injini sasa inazunguka kwa wepesi, shida iko kwenye kompresheni hiyo. Pima nafasi hiyo injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu chake. Vali zikiwa sawa, fungua flaiwili uangalie kile kipande kidogo cha metali kinachoishikilia kwenye shafti, kwa kuwa kikikatika hata nusu, cheche hupigwa wakati usiofaa. Gia ya chuma naishauri tu kama meno ya flaiwili nayo ni ya chuma. Yakiwa ya aluminiamu, meno hayo ndiyo yatakayolika badala ya gia, na flaiwili ni ghali zaidi.