Maswali ya Wasomaji: Mikutano na Nafasi kwa Wanafunzi wa Uzamili wa Ukutubi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili ya masomo ya habari. Nimemaliza kozi za darasani Dar es Salaam na nimerudi nyumbani Sakina, Arusha, kuandika tasnifu. Wenzangu waliobaki Dar es Salaam husikia habari za mikutano na nafasi za mafunzo kila mara, nami huku huzipata zikiwa zimeshapita. Je, ni matukio gani ya fani ya maktaba ninayopaswa kuyafuatilia, na je, kuna mahali hapa Arusha ninapoweza kujifunza kazi bila kurudi Dar es Salaam? – Msomaji wa Sakina

JIBU: Marahaba, dada yetu. Naanza na mikutano kwa kuwa ndiyo uliyoitanguliza, ingawa kwa maoni yangu utajiri wa Arusha hauko huko. Mikutano mikubwa ya fani hii haitangazwi kwa kushtukiza. Ina mzunguko wake, na anayeufahamu hana haja ya kusubiri kudokezwa na wenzake. Shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, IFLA, lililoundwa Edinburgh mwaka 1927 na ambalo makao yake yako The Hague, kwa kawaida hufanya kongamano lake kuu mwezi Agosti. Lile la mwaka 2025 lilikuwa Astana, Kazakhstan, na la mwaka 2026 likapangiwa Busan, Korea Kusini. Afrika Mashariki ilikuwa mwenyeji wake mwaka 1984, Nairobi. Kwa mwanafunzi anayejilipia, huko ni mbali, na sioni aibu kukwambia usilianzie hilo.

Linalokufaa zaidi ni kongamano la vyama vya wakutubi wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, maarufu kwa jina la SCECSAL, ambalo hufanyika kila baada ya miaka miwili na kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine. Dar es Salaam ililipokea mwaka 2006, Nairobi mwaka 2012 na Entebbe mwaka 2018. Umoja wa vyama na taasisi za maktaba wa bara zima, AfLIA, wenye makao yake Accra, nao una mkutano wake wa kila baada ya miaka miwili, na ule wa mwaka 2019 ulikuwa Nairobi, safari ya basi kupitia Namanga ambayo mtu wa Arusha huimaliza kabla jua halijatua. Kwa hapa nchini kipo Chama cha Wakutubi Tanzania, TLA, na ningekushauri ujiunge nacho ukiwa bado mwanafunzi, kwa sababu matangazo mengi hupitia kwa wanachama kabla hayajafika mahali pengine popote.

Mwito wa makala hutolewa miezi mingi kabla ya mkutano wenyewe, na hapo ndipo wanafunzi wengi huachwa na basi: wanaanza kuandika ikisiri, yaani muhtasari wa makala, siku wanayouona mwito, ilhali msimamizi wao anahitaji wiki mbili au tatu za kuisoma. Wewe unaandika tasnifu, maana yake mada unayo tayari. Chukua sura moja, iandikie ikisiri ya maneno yasiyozidi 300, msimamizi wako aipitie sasa, kisha uiweke hadi mwito utakapotoka. Kwenda mkutanoni bila makala, ili kurudi na mkoba na cheti cha ushiriki, ni matumizi ya fedha ambayo mimi binafsi siyaungi mkono, hasa pale fedha zenyewe zinapotoka kwa mzazi.

Sasa nije kwenye kile ambacho wenzako wa Dar es Salaam hawana. Huko Lakilaki, nje kidogo ya jiji, liko tawi la Arusha la taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Mahakama hiyo iliundwa mwaka 1994 na ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na majengo ya Lakilaki yalizinduliwa mwaka 2016 yakiwa na jengo maalumu la kutunzia kumbukumbu zake. Fikiria kazi iliyomo humo kwa macho ya mkutubi. Kikao kimoja cha ushahidi kinaweza kuwa na sauti ya Kinyarwanda ya shahidi, tafsiri ya Kiingereza, tafsiri ya Kifaransa, na nakala za maandishi zilizochapwa baadaye. Hati moja inaweza kuwa na nakala ya siri na nakala ya wazi ambayo majina yamefutwa. Na shahidi aliyepewa ulinzi hutajwa kwa herufi za siri badala ya jina lake. Ni nini kinachoandikwa kama jina la mtoa ushahidi kwenye metadata, yaani taarifa zinazoielezea hati? Unaunganishaje sauti tatu ili mtafiti ajue kwamba ni kikao kilekile, bila kumwongoza kwenye jambo lililofungwa? Darasani maswali haya hufundishwa kwa mifano ya kubuni, na huku ndiyo kazi ya kila siku.

Nafasi za mafunzo kwa vitendo katika Umoja wa Mataifa hutolewa kwa walio masomoni ngazi ya uzamili, walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, au waliohitimu ndani ya mwaka mmoja uliopita, kwa hiyo usisubiri hadi joho lako lianze kufifia. Desturi yake ni kwamba hazina mshahara, na wewe unayeishi Sakina una nafuu kubwa, kwa kuwa mwenzako wa kutoka mbali anapaswa kulipa pango la nyumba na chakula juu yake. Hata hivyo, zingatia kwamba chombo hicho kiliundwa kiwe cha muda na shughuli zake zimekuwa zikipunguzwa, hivyo hakikisha kwanza kwamba sehemu ya kumbukumbu inapokea wanafunzi. Hata kama haipokei, kumbukumbu za wazi za mahakama zinasomeka kwenye hifadhidata yake ya mtandaoni, na tasnifu nzuri juu ya namna zilivyoelezwa na zinavyotafutika inaweza kuandikwa ukiwa umeketi nyumbani.

Ukikosa huko, hujakosa Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamishia makao yake hapa mwaka 2007. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sekretarieti, mahakama na bunge lake hapahapa, na vyombo vyote hivyo huzalisha hukumu, taarifa rasmi za mijadala na miswada ambayo ni lazima mtu aipange. Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, inayofundisha uzamili na uzamivu, na mahali penye watafiti wengi kiasi hicho pana data nyingi za utafiti zinazohitaji mtunzaji. Usiandike barua moja ya jumla ukaisambaza kote. Mwandikie kila mkuu wa maktaba ukitaja kazi moja unayoweza kumfanyia ndani ya wiki sita, kwa mfano kuelezea upya hukumu za mwaka mmoja ili zitafutike kwa mada na si kwa namba ya shauri pekee, kisha uambatishe barua ya utambulisho ya chuo. Mkuu wa maktaba akisoma barua ya namna hiyo anajua akukabidhi nini siku ya kwanza. Ile inayosema tu kwamba unapenda kujifunza humpa kazi ya kukutafutia kazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepokea barua pepe inayonialika kuwasilisha makala kwenye mkutano wa kimataifa utakaofanyika hotelini ng'ambo. Nilituma ikisiri, ikakubaliwa baada ya siku mbili, na sasa nadaiwa dola 350 ndani ya wiki hii. Kaka yangu yuko tayari kunikopesha. Nilipe? – Msomaji wa Majengo, Moshi

JIBU: Usilipe bado, na mwambie kaka yako ahifadhi fedha zake. Ikisiri iliyosomwa kweli hurudi na swali au sharti, na kwa kawaida huchukua wiki kadhaa. Angalia pia kama mkutano huo huo unakusanya udaktari, uhandisi, kilimo na maktaba chini ya paa moja, na kama tangazo linataja chama chochote cha fani kinachojulikana. Kuna njia mbili za kuhakiki zisizogharimu kitu. Ya kwanza ni kutafuta makala za miaka iliyopita: za IFLA zimo kwenye hazina yake ya wazi mtandaoni, na za SCECSAL nazo hupatikana, hivyo mkutano unaodai kuwa wa kumi na ambao hauna hata makala moja inayosomeka umejieleza wenyewe. Ya pili ni kumtafuta mmoja wa waliotajwa kuwa wajumbe wa kamati, kupitia anwani ya chuo chake na wala si anwani iliyo kwenye tangazo, ukamuuliza kama anaufahamu mkutano huo. Wapo maprofesa ambao majina yao huwekwa kwenye kamati hizi bila wao kujua.

Ni haki kuongeza kwamba hata mikutano halali hutoza ada, na mingi ina kiwango cha chini kwa wanafunzi. Kinachoitofautisha ni kwamba huwa na ankara yenye jina la taasisi, utaratibu wa kurudishiwa fedha, na mara nyingine ruzuku za kuhudhuria. Omba ruzuku kwanza, ada ifuate.

SWALI: Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari Moshi, na nasoma uzamili mwishoni mwa juma. Siwezi kuacha kazi nikajitolee mahali wala kusafiri kwenda mikutanoni. Kuna lolote kwangu? – Mama wa Rau

JIBU: Lipo, mama, tena linaanzia kwenye rafu zako. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Januari hadi 5 Februari na tena kuanzia tarehe 15 Mei hadi 5 Juni, wakutubi duniani kote hushiriki kampeni ya kuongeza marejeo kwenye makala za Wikipedia, na AfLIA imekuwa ikiwahamasisha wakutubi wa Afrika kushiriki. Unachohitaji ni simu yenye intaneti na kitabu. Fungua, kwa mfano, makala ya Kiswahili inayohusu ushirika wa kahawa Kilimanjaro, utafute sentensi isiyo na chanzo, labda ile inayosema KNCU ilianzishwa mwaka 1933, kisha chukua kitabu cha historia kilichomo maktabani mwako, uthibitishe, na uweke jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Ukiwashirikisha wanafunzi wa kidato cha tatu, unapata pia mada ya tasnifu kuhusu namna vijana wanavyopima ukweli wa taarifa, na data yake unayo shuleni.

Wiki ya kimataifa ya ufikiaji huria, yaani usomaji wa makala za kitaaluma bila malipo, inayoadhimishwa kila Oktoba, huwa na semina za mtandaoni nyingi zisizo na malipo. Uliza pia kama chuo chako kimesajiliwa na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitaaluma bure au kwa ada ndogo na ambao pia una kozi za mtandaoni. Na kama shule ina kompyuta iliyokaa bila kazi, mwombe mwalimu wa kompyuta akusaidie kuweka Koha, programu huria ya maktaba iliyobuniwa New Zealand mwaka 1999. Kuorodhesha vitabu vyako vyote humo ni uzoefu utakaoweza kuuonyesha kwenye usaili wa kazi.

Kuhusu kampeni ya marejeo, chagua kipindi cha Mei. Cha Januari hukukuta ukigawa vitabu vya kiada kwa wanafunzi wapya, ilhali siku za mwisho za kile cha Mei huangukia karibu na likizo ya Juni, maktaba ikiwa tulivu.